Katoni ya Uzi wa Nyavu

Mume wangu alirudi kutoka semina ya mazingira na magunia mawili, fulana ya kijani iliyombana tumboni, na macho ya mtu aliyeokoka jana. Gunia moja, alitutangazia kabla hata ya kuvua viatu, ni la karatasi. La pili ni la katoni. Kuanzia siku hiyo hakuna kipande cha karatasi kitakachotoka nyumbani mwetu bila yeye kukiona.

Yeye ni mwalimu wa jiografia, kwa hiyo tulipewa somo zima. Tulielezwa jinsi karatasi inavyolowekwa kiwandani, inavyopondwa hadi iwe uji, na inavyorudi duniani ikiwa trei ya mayai au karatasi ya chooni. Binti yetu, ambaye alikuwa na daftari la hesabu asilotaka baba yake alione, aliuliza kama daftari nalo linaweza kurudi likiwa karatasi ya chooni. Baba yake akamjibu kwa furaha kubwa kwamba linaweza. Daftari liliingia guniani jioni hiyo hiyo.

Mimi sikuwa na ugomvi na mazingira. Ugomvi wangu ulikuwa wa jiko. Tangu niolewe nimewasha makaa kwa kurasa za daftari kuukuu: ukurasa mmoja, tone la mafuta ya taa, basi. Sasa kila nikinyoosha mkono, sauti inatoka sebuleni: "Hiyo inaenda kiwandani!" Siku moja nilimkuta amekaa barazani aking'oa pini za stepla kwenye karatasi za mtihani kwa meno. Nikamwambia meno hayatengenezwi tena kiwandani. Hakucheka. Watu wakiokoka huwa hawacheki miezi ya kwanza.

Hapa Migori mjini angalau alikuwa na pa kuzipeleka. Nyuma ya soko kuna yadi ya mama mmoja mwenye sauti nene anayenunua karatasi na katoni, akazifunga marobota, akangoja malori yanayorudi kutoka mpakani yakiwa na nafasi. Kila Jumamosi mkokoteni wake ulipita mtaani kwetu, na kila Jumamosi mume wangu alikuwa getini mapema, magunia yamefungwa vizuri, katoni zimekunjwa na kulazwa moja juu ya nyingine. Huko Kegonga alikozaliwa, katika milima ya Kuria, hakuna lori linalopanda kufuata katoni, na hata likipanda halitapata kitu. Kule katoni ni kabati la nguo za kanisani, ni ghala la maharagwe, ni nyumba ya vifaranga. Mtu hawezi kukupa kabati lake.

Kwetu pwani ya ziwa, Homa Bay, ni vivyo hivyo, ila mume wangu alitaka kuhakikisha. Tulipokwenda kumsalimia mama yangu, alikwenda na somo lake. Lakini hapo palikuwa na shida. Kwetu Waluo, mwanamume hazungumzi na mama wa mkewe ovyoovyo. Humwita Maro, huketi mbali naye, hutazama chini, na akiwa na jambo refu humwambia mtu mwingine kwa sauti ya kutosha kumfikia. Mume wangu ni Mkuria, lakini desturi hiyo aliishika kuliko sisi wenyewe. Basi alinigeukia mimi, niliyekuwa kiti cha pili, akaanza kunipigia kelele kuhusu nyuzinyuzi za karatasi.

Mama alikuwa akichambua omena, dagaa wa ziwa letu. Nyuma yake ukutani kulikuwa na kalenda za miaka iliyokufa zamani, zikiziba nyufa. Rafu za kabati zilitandikwa magazeti. Mezani kulikuwa na karatasi za daftari alizozikunja pembe za kuuzia njugu, na chini ya meza kuku alikuwa ndani ya boksi la biskuti. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Muulize orwa, hiyo kiwanda yake inafanya nini ambayo mimi sifanyi?"

Orwa kwa Kijaluo ni mkwe. Nikamuuliza. Orwa akasema atalifikiria.

Sasa niieleze katoni yenyewe. Mama yangu na mama mkwe wangu hawakupendana. Ilianza siku ya mahari, pale kwetu, ambapo mama alimpikia mgeni wake samaki wa ngege, mkubwa kuliko wote, akamwekea kichwa kikimwelekea kama heshima inavyotaka. Mama mkwe alilelewa milimani kwenye maziwa na nyama. Alimtazama samaki, samaki akamtazama, akachukua sahani nyingine akamfunika. Basi, ni hilo tu. Hakuna aliyesema neno, na ndiyo maana halikuisha. Tangu siku hiyo kwa mama yangu yeye ni "yule wa milimani," na kwa mama mkwe mama yangu ni "yule wa ziwani." Mmoja alikuwa na Kijaluo, mwingine Kikuria, na katikati Kiswahili cha sokoni ambacho kila mmoja alidai hakijui siku asiyotaka kuelewa.

Nilipojifungua, mama alinitumia katoni ya sabuni ya miche iliyojaa omena kavu. Akaniagiza, "Ingine upatie yule wa milimani, ajifunze." Mume wangu akaibeba katoni na nusu ya omena mpaka Kegonga. Sijui mama mkwe aliwafanyia nini wale omena; nilisikia paka wa pale walinawiri. Lakini alibaki na katoni ya watu, na chombo cha watu, milimani au ziwani, huwezi kukirudisha kikiwa kitupu. Akaijaza unga wa wimbi. Mama yangu akapokea wimbi, naye akabaki na katoni ya watu.

Haijasimama tangu wakati huo. Ilipanda na omena, ikateremka na wimbi. Ilipanda na viazi vitamu na samaki wa mbuta waliokaushwa, ikateremka na ndizi za kupika na parachichi. Safari zote zilipitia nyumbani kwetu, kwa kuwa Migori ipo katikati, nasi tukawa stesheni. Kitako kilipochoka, mama yangu alikishona kwa uzi wa nyavu, ule wa buluu, kwa mafundo ya wavuvi. Ubavu ulipopasuka, mama mkwe alitia kiraka cha gunia. Ilikunywa mafuta ya samaki mpaka ikang'aa. Ilinuka sabuni, samaki na moshi kwa pamoja, na binti yetu alijua imefika kabla ya kufungua mlango.

Kabla ya kuifungua, kila mmoja alichunguza kwanza mshono wa mwenzake. "Ona hii uzi imelegea," mama alisema. "Macho yake yanaanza kumsumbua." Na mama mkwe naye, akipapasa fundo: "Huyu wa ziwani amefunga na hasira. Nani amemkasirisha?" Nikipiga simu nyumbani, kweli nakuta kuna mtu aliyemkasirisha. Lakini ukimuuliza mama kama siku hizi anampenda yule mwanamke, atakushangaa. "Nani? Yule? Mimi namrudishia tu katoni yake." Wote wawili waliiita hivyo, katoni yake.

Jumamosi moja katoni ilikuwa imeteremka na wimbi na parachichi. Parachichi kadhaa zilianza kulainika, nikautoa unga, nikazitandaza zote mezani ili nichague, na katoni nikaiacha mlangoni ipate hewa. Nikaenda sokoni. Niliporudi, mume wangu alikuwa amesimama getini anajifuta jasho, uso umemtulia.

"Ile kuukuu ya mlangoni nimeitoa," alisema. "Lakini ilikuwa kaidi. Nimeikunja, imekataa. Nimeikanyaga, imekataa. Nikawapa watu wa mkokoteni hivyo hivyo."

Huyu ndiye mtu aliyeibeba mwenyewe safari ya kwanza. Nilimwambia polepole, "Ile ilikuwa katoni ya mama zetu." Nilimwona akiitafuta kichwani, nikamwona akiipata. Alikimbia na ndara mpaka yadi, akakuta imefungwa. Mwenye yadi hufunga mapema Jumamosi. Jumapili alikwenda, kumefungwa bado. Jumatatu tulikwenda wote wawili.

"Ile?" alisema mwenye yadi. "Ile nimeikataa. Mwalimu, ile si karatasi. Ina uzi, ina gunia, imekunywa mafuta ya samaki. Nikiichanganya na zingine wananirudishia robota yote."

Sijui kwa nini mume wangu aliumia, maana hiyo ilikuwa habari njema. Nadhani ni kwa sababu hajawahi kukataliwa katoni. Akauliza iko wapi. Mama yule akatuonyesha kona ya mabati. Katoni yetu ilikuwa pale, nzima, uzi wa buluu unaonekana, na ndani yake amekaa kuku mwekundu ambaye alitutazama kama sisi ndio wezi.

"Juzi nimemhamishia humo na mayai yake," alisema. "Kikapu chake kimeliwa na mchwa. Mkimwondoa tena atayasusa. Mtangoja vifaranga."

Mume wangu alimwahidi beseni, akamwahidi kikapu kipya, akaahidi kumwomba radhi kuku mwenyewe. Mama yule alisema kuku hasikilizi walimu.

Parachichi lakini hazingoji vifaranga. Mume wangu akapata kwa jirani katoni ya televisheni, nene, nyeupe, ina picha ya maporomoko ya maji. Mimi sikuipenda. Alisema cha maana ni kilichomo ndani. Tukaijaza, ikapelekwa Homa Bay, na siku iliyofuata simu ikalia.

"Hii katoni ni ya nani?" mama aliuliza. Hakuuliza parachichi.

Nilishikwa na aibu. Nilimwazia akitafuta mshono. Nikasema, "Mama, ongea na orwa," nikamtupia mume wangu simu kama kaa la moto. Yeye alisimama wima, akatazama sakafu kana kwamba Maro yupo mbele yake, akasema kwa heshima zake zote, "Maro, hilo si jambo la kuzungumza kwa simu. Tutakuja tukueleze."

Kisha mama akasema taratibu, "Sawa. Nimesikia," akakata. Mume wangu aliketi, akasema Maro ni mtu mwelewa sana.

Kama umezaliwa pande hizi, umeshajua tulilofanya. Sisi hatukujua, na sote tumezaliwa pande hizi. Kwetu mtu hapewi habari ya kifo kwa simu. Huambiwa njoo kidogo nyumbani, au tunakuja, au hilo si jambo la kuzungumza kwa simu. Mume wangu alikuwa akisema habari za kuku.

Wakati huo huo mama mkwe naye alikuwa anampigia mwanawe kuuliza kama katoni imefika, na mwanawe anamjibu "imefika, imefika" kwa ile sauti aliyokuwa nayo tangu alipokuwa akiiba maziwa. Alikuja mwenyewe. Asubuhi moja tulimwona mlangoni, vumbi la Kegonga hadi magotini. Aliketi, akakataa chai mpaka aelezwe. Tukamweleza yote, semina, mkokoteni, kuku, televisheni. Nilitegemea amfokee mwanawe. Hakumwangalia hata.

"Na yule wa ziwani amesema nini?"

"Hajasema kitu, mama."

"Hajasema." Akafungua kilemba chake akakifunga upya. "Basi amenichoka. Ataona nimemtumia katoni ya watu wakubwa, najionyesha. Atakula hizo parachichi na ataacha hapo. Ni nini itamfanya arudishe tena?"

Niliona ameogopa. Sikuwahi kumwona ameogopa, yeye ambaye hufukuza ng'ombe dume kwa leso. Hakuwa na njia nyingine ya kwenda kwa yule mwanamke isipokuwa ile katoni, wala mama yangu hakuwa na nyingine ya kuja kwake, na sisi tulikuwa tumeigawa. Niliumia sana. Nilimmiminia chai hivyo hivyo, akakishika kikombe bila kunywa.

Ndipo tukasikia nduru barabarani. Kwetu mwanamke akienda msibani halii anapofika, analia akiwa njiani, ili boma lijue ni nani anayekuja. Ile sauti niliijua kabla ya kuielewa. Nilichungulia dirishani. Mama yangu alikuwa anaingia getini, leso imefungwa kiunoni, kifurushi cha sukari na unga wa msiba kichwani, mikono hewani. Majirani walikuwa wameanza kutoka nje. Na alikuwa analia kwa Kiswahili. Sijawahi kumsikia mama yangu akilia kwa Kiswahili. Alikuwa amekuja kumlilia mtu wa watu, akaona awalilie kwa maneno watakayoyasikia.

"Uwi! Wewe mama ya Kegonga! Umeenda bila kuniambia!"

Mama mkwe aliweka kikombe mezani. "Nani amekufa?"

Nilimtazama mume wangu. Nilimwona anarudi nyuma mpaka kwenye ile simu, neno kwa neno, na nikaona rangi ikimtoka.

"Nadhani ni wewe, mama," nikasema.

Niliinuka nikamzuie mama yangu, lakini mama mkwe alinishika kiwiko. Alikuwa na nguvu. "Mwache kwanza," akasema.

"Nani atanipatia wimbi! Nilikuwa nakusengenya kwa watu, na unga yako ndio nakunywa kila asubuhi! Ulifunika samaki yangu, nikakasirika miaka yote hii. Samaki ni nini? Si ungesema tu, mama, ningekupikia kuku! Mwaka hii nilisema nitakuja nikuone, nikasema mwaka ingine. Sasa nakuja kuona nini? Nani atanishonea katoni? Nimeangalia mshono wako, haiko! Nimegeuza katoni yote, haiko!"

Mama mkwe alikuwa amejiziba mdomo kwa leso. Machozi yalimtoka bila sauti, na bado aliniashiria kwa mkono nisiende. Mume wangu alikuwa ameugeukia ukuta.

Kisha mama yangu akafika mlangoni. Nduru ikakatika. Alimwona marehemu ameketi kwenye kochi letu, mbele yake chai na mkate.

"Wewe," alisema mama.

"Ni mimi," akasema mama mkwe. "Endelea. Hapo kwa samaki sikusikia vizuri."

Mama alishusha kifurushi cha unga, akakikalia. Alihema. Halafu alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alimtazama mkwe wake usoni. "Orwa. Nani amekufa?"

Mume wangu alitazama sakafu. "Maro," alisema, "katoni iko chini ya kuku."

Sijui nani alianza kucheka. Najua kwamba mama yangu alicheka huku bado analia, na mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikamdondoka, na jirani aliyekuja na maji ya msiba aliondoka nayo akiwa amekasirika. Sukari ile tuliitia kwenye chai. Unga ule tuliupika ugali, na mama mkwe alipowekewa samaki aligeuza kichwa cha samaki upande wa mume wangu, akala ubavu wote. Alisema ana miiba mingi. Mama alisema hiyo ndiyo samaki.

Jioni walitaka kuiona katoni. Tukaenda yadi, wao mbele wameshikana mikono, sisi nyuma kama watoto waliokosea. Mwenye yadi aliwapa stuli ya kukalia. Mama yangu aliinama, akapitisha kidole chini ya kuku, kuku akamdonoa, naye akaendelea mpaka akalifikia fundo. "Uzi yangu imeshika," alisema. Mama mkwe akapapasa kiraka chake cha gunia, akasema, "Hata yangu." Wakaketi.

Baada ya muda mama mkwe akasema, "Siku nikienda kweli, ulie vile vile."

"Nitalia," mama alisema. "Na kama mimi nikitangulia?"

Mama mkwe alifikiri. Nyuma yetu wafanyakazi walikuwa wanapakia marobota ya katoni za watu wengine kwenye lori, na mume wangu, kwa mara ya kwanza tangu semina, hakugeuka kuyatazama.

"Mimi sijui kulia hivyo," akasema mama mkwe. "Nitakujazia katoni. Nitakuletea mimi mwenyewe."

Mama yangu aliitikia kwa kichwa, akajifuta damu ya kidole kwa leso, na wakaendelea kumtazama kuku.